Mbona Hati Ikigeuzwa PDF Huharibika? Historia ya Ugomvi wa Miaka Arobaini

Leo tuzungumze kuhusu jambo linalowatesa watu kila siku ofisini, vyuoni na kwenye saiba. Umeandika hati yako kwa Word, imepangika vizuri, kurasa mbili kamili. Unaigeuza iwe PDF. Ukiifungua, kurasa ni tatu, jedwali limekatika katikati, na fonti si ile uliyoichagua. Wengine hulaumu virusi. Wengine huigeuza tena na tena wakitumai itajirekebisha yenyewe. Haijirekebishi.

Na si suala la urembo tu. Kuna zabuni hukataliwa kwa sababu jedwali la bei halisomeki. Kuna mwanafunzi ambaye tasnifu yake hurudishwa na maktaba siku ya mwisho. Kuna mikataba ambayo sahihi inaruka hadi ukurasa mwingine, peke yake, bila neno hata moja la makubaliano juu yake. Mwanasheria akiona hivyo anakuuliza: huyu alitia sahihi kitu gani?

Mimi ni mtunzi wa programu na sehemu ya kazi yangu ni kuandika programu za seva zinazogeuza hati za ofisi kuwa PDF. Nimegundua kwamba karibu kila kasoro katika kazi hii ina tarehe yake ya kuzaliwa. Ukijua ilizaliwa wapi, unajua pa kuitafuta. Kwa hivyo badala ya kukupa orodha ya vitufe vya kubofya, nitakupa historia kwanza. Vitufe tutavikuta mwishoni.

Mapishi na sahani

Tuanze na msingi. Faili ya Word si ukurasa. Ni maagizo ya kupika ukurasa. Inasema: hapa kuna aya, fonti ni Calibri, ukubwa 11, pambizo ni kadha. Haisemi mstari wa kwanza unaishia neno gani. Hilo huhesabiwa upya kila mara hati inapofunguliwa, kwa fonti na mipangilio iliyomo kwenye tarakilishi hiyo.

PDF ni kinyume chake. Ni sahani iliyokwisha pakuliwa. Ndani yake kila kipande cha maandishi kimepewa mahali pake kwa vipimo, kuanzia pembe ya chini kushoto ya ukurasa, kwa kizio ambacho 72 ni inchi moja. PDF ya kawaida haihitaji kujua aya ni nini. Inajua tu kwamba herufi fulani ikae mahali fulani.

Kugeuza hati, basi, ni kupika. Na chakula hutegemea jiko. Mapishi yale yale, jiko tofauti, chakula tofauti.

Printa iliyoishinda tarakilishi nguvu

Mwaka 1982, John Warnock na Charles Geschke waliondoka katika maabara ya Xerox PARC kule California. Walikuwa wametengeneza lugha ya kuielezea printa ukurasa, Xerox ikakawia kuipeleka sokoni. Wakaanzisha kampuni yao, Adobe, na mwaka 1984 wakatoa lugha mpya, PostScript.

Mwaka 1985 Apple iliuza printa ya leza iliyoielewa lugha hiyo, LaserWriter, kwa dola 6,995. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Motorola 68000 ya 12 MHz na kumbukumbu ya megabaiti 1.5, yaani ilikuwa na nguvu kuliko Macintosh iliyoiamuru! Sababu ni kwamba PostScript ni lugha kamili ya programu. Ina vitanzi, ina masharti, ina vigeugeu. Ili uuone ukurasa, ni lazima uiendeshe programu yote hadi mwisho.

Kumbuka jambo hili: fonti zilikaa ndani ya printa. Printa yenyewe ndiyo iliyojua upana wa kila herufi. Kwa miaka mingi Word iliiuliza draiva ya printa kabla ya kuamua mstari uvunjike wapi. Ndiyo maana wazee wa ofisi wanakumbuka kwamba ukibadilisha printa, kurasa zinaongezeka. Walidhani ni uchawi. Ilikuwa hesabu.

Vita vya fonti

Adobe ilikuwa na fonti zake za aina iliyoitwa Type 1, na siri ya kuzitengeneza kwa ubora wa juu iliificha. Waliotaka siri hiyo walilipa. Mwaka 1989 Apple na Microsoft zikachoka, zikatangaza kuungana dhidi yake. Apple ilikuwa na teknolojia yake mpya, TrueType, nayo ikaipa Microsoft. Adobe ikalazimika kuichapisha siri ya Type 1 hadharani. TrueType ilifika kwenye Macintosh mwaka 1991, na kwenye Windows 3.1 mwaka 1992, ikija na Arial, Times New Roman na Courier New.

Vita hivyo vilituachia urithi wa aina mbili, mzuri na mbaya.

Mzuri: Arial ilichorwa na Monotype ikiwa na upana ule ule wa herufi za Helvetica. Sura ni tofauti kidogo, lakini ukibadilisha moja kwa nyingine mistari inabaki pale pale. Vivyo hivyo Times New Roman na Times za printa za PostScript. Shikilia wazo hili la upana unaolingana, tutalirudia.

Mbaya: fonti zikawa mali yenye masharti. Ndani ya kila fonti ya TrueType kuna namba ndogo inayoeleza kama unaruhusiwa kuipachika ndani ya hati. Sifuri maana yake ruhusa kamili. Mbili maana yake marufuku bila idhini ya mwenye fonti. Umewahi kutumia fonti maridadi uliyoipata kwa rafiki kwenye flashi, ukageuza hati, ikatoka na fonti nyingine kabisa? Huenda namba hiyo ndiyo sababu. Kigeuzi kimetii sheria. Hukuambiwa tu.

Camelot

Mwaka 1991 Warnock aliandika waraka mfupi kuhusu mradi aliouita Camelot. Malalamiko yake yalikuwa rahisi: mashirika yana tarakilishi za aina mbalimbali na hakuna njia ya kumtumia mwenzako ukurasa akauona jinsi ulivyo, kwenye skrini yoyote, na kuuchapa kwenye printa yoyote.

PostScript ilikaribia jibu lakini ilikuwa nzito mno kwa tarakilishi za wakati huo. Dawa ya Warnock ilikuwa ya werevu. Iendeshe programu ya PostScript mara moja, lakini badala ya kuchora, andika orodha ya kilichochorwa. Vitanzi vinatoweka, masharti yanatoweka, yanabaki matokeo matupu. Programu iliyofanya kazi hiyo iliitwa Distiller, yaani mtambo wa kukenekea. Kama kangara inavyokenekwa ikatoka chang'aa: kinachobaki ni kidogo, kikali, na hakirudi tena kuwa kangara. Ndiyo maana kugeuza PDF irudi kuwa Word ni shida kubwa hadi leo. Unajaribu kukisia mapishi kwa kuangalia sahani.

Acrobat ilitoka Juni 1993. Programu ya kusomea peke yake iliuzwa dola 50, na watu hawakuishangilia. Nani alipe pesa ili asome barua aliyotumiwa? Mwaka 1994 Adobe ikaamua isomwe bure, na hapo ndipo mbio zilipoanza. Washindani kama Envoy, Common Ground na Replica walibaki nyuma wakasahaulika.

Ili kupunguza uzito wa faili, PDF za mwanzo ziliruhusiwa kuacha nje fonti 14 za kawaida: Times, Helvetica na Courier kwa mitindo minne kila moja, pamoja na Symbol na ZapfDingbats. Msomaji ilitarajiwa azipate kwake. Fonti nyingine ikikosekana, Acrobat iliiga kwa kunyoosha au kubana fonti ya akiba hadi upana ulingane. Wakati wa modemu uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini ndio uliozaa PDF ambazo hadi leo zinaonekana vizuri kwako na vibaya kwa mwenzako.

Njia mbili za kufika

Hapa ndipo penye siri ambayo watu wengi hawaijui. Kuna njia mbili za kuifanya hati ya ofisi iwe PDF, na kasoro zake hazifanani.

Njia ya kwanza ni ya printa. Programu ya ofisi inadhani inachapa. Upande wa pili hakuna karatasi, kuna programu inayoyapokea maagizo ya uchapishaji na kuyaandika kama PDF. Ndivyo ilivyofanya PDFWriter ya Adobe, na ndivyo zilivyofanya PDFCreator na CutePDF tulizozipenda kwa sababu zilikuwa za bure. Nyuma ya pazia la hizi mbili alikuwa Ghostscript, programu iliyoanzishwa na L. Peter Deutsch na kutolewa mwaka 1988.

Tatizo ni kwamba printa haihitaji kujua mengi. Haihitaji kujua kwamba haya maneno ni kichwa cha habari, ile ni anwani ya tovuti, hili ni jedwali. Kwa hivyo hayo yote yanaachwa mlangoni. Ukipata PDF ambayo viungo havibofyeki na orodha ya yaliyomo haifanyi kazi, mshuku wa kwanza ni njia ya printa.

Njia ya pili ni ya kuhamisha moja kwa moja. Programu ya ofisi yenyewe, inayojua kichwa ni kipi na kiungo ni kipi, ndiyo inayoandika PDF. OpenOffice.org 1.1 ilileta kitufe hicho mwaka 2003, bure kwa kila mtu. Microsoft ilikusudia kukiweka katika Office 2007, lakini mwaka 2006 mazungumzo yake na Adobe yalivunjika, kitufe kikaondolewa kwenye kasha na kutolewa kama kiongezo cha kupakua bure. Bure, ndiyo, lakini kumbuka Kenya ya 2007! Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM hazikufika Mombasa hadi 2009. Tulitegemea setilaiti na kulipia saiba kwa dakika. Wengi hawakukipakua kamwe, wakaendelea na njia ya printa. Kitufe kiliingia rasmi Aprili 2009 katika sasisho la pili la Office 2007. Mwaka mmoja kabla, Julai 2008, PDF ilikuwa imekuwa kiwango cha kimataifa, ISO 32000-1.

Mazoea ya miaka ile bado yapo. Hadi leo mtu ana Word mpya kabisa, kitufe cha kuhifadhi kama PDF anacho, naye anaenda kwenye kuchapa. Anayeumia zaidi ni msomaji asiyeona. Tangu PDF 1.4 ya mwaka 2001, faili inaweza kubeba alama zinazokieleza kisoma-skrini mpangilio wa maandishi. Njia ya printa kwa kawaida huzitupa alama hizo. Faili ile ile, kwako ni nadhifu, kwake ni vurugu.

Ukurasa wa tatu ulitoka wapi?

Turudi kwenye upana wa herufi. Mwaka 2007 Microsoft iliiweka Times New Roman kando, Calibri ikawa fonti ya kawaida ya Word. Calibri, iliyochorwa na Lucas de Groot, ni nyembamba. Sasa chukua hati hiyo uigeuze kwenye seva ya Linux isiyo na Calibri. Seva hailalamiki. Inachagua fonti nyingine kimya kimya, mara nyingi DejaVu Sans, ambayo ni pana. Kila mstari unabeba maneno machache zaidi, mistari inaongezeka, na ukurasa wa tatu unazaliwa. Ile sahihi ya mkataba iliyoruka, mara nyingi iliruka kwa sababu hii.

Dawa ilitoka kwa wazo lile la Arial na Helvetica. Mwaka 2007 Red Hat ilitoa fonti za Liberation, za bure, zenye upana sawa na Arial, Times New Roman na Courier New. Mwaka 2013 Google ikatoa Carlito kwa ajili ya Calibri na Caladea kwa ajili ya Cambria. Weka hizo kwenye seva na kurasa nyingi zinatulia. Lakini usistarehe sana: mwaka 2023 Microsoft ilitangaza Aptos ichukue nafasi ya Calibri, na mchezo ule ule umeanza upya.

Je, ukiwa na fonti zote sahihi, LibreOffice itaipanga hati kama Word? Si lazima. Maelezo ya muundo wa docx yaliyochapishwa mwaka 2006 yalizidi kurasa 6,000, na humo mlikuwa na vipengele vyenye majina kama autoSpaceLikeWord95 na useWord97LineBreakRules. Yaani: fanya kama Word ya zamani ilivyofanya. Ilifanyaje? Maelezo ya mwanzo hayakusema, yalikushauri uiige programu yenyewe. Huwezi kupika kwa kuambiwa "tia chumvi kama mama alivyotia" ikiwa hukuwahi kula kwa mama huyo.

Herufi zetu

Tatizo jingine linatugusa nyumbani. Ukiandika kwa Kiswahili hulioni, kwa kuwa herufi zetu ni zile zile za Kiingereza. Ukiandika Gĩkũyũ au Kĩkamba unakutana nalo ana kwa ana. Herufi ĩ na ũ hazimo katika orodha ya zamani ya herufi za Windows kwa lugha za Ulaya Magharibi. Zilikuwemo î na û, zenye kofia badala ya kiwimbi, na ndiyo maana machapisho mengi yameandikwa Gîkûyû. Wengine walitumia fonti zilizochezewa, ambapo herufi fulani imevishwa umbo la nyingine.

Katika PDF, umbo la herufi na maana yake ni vitu viwili tofauti. Faili inaweza kuchora ũ vizuri kabisa bila kujua kwamba hiyo ni ũ. Jedwali la kuunganisha umbo na Unicode lilikuja na PDF 1.2 mwaka 1996, lakini si lazima liwepo. Lisipokuwepo, unanakili jina la mtu na kubandika takataka, na ukitafuta jina lako ndani ya faili unaambiwa halipo. Fikiria rejista au hati ya shamba ambayo jina lako linaonekana kwa macho lakini mashine inasema hakuna mtu kama huyo.

Wino mweusi usioficha

Kasoro iliyo mbaya kuliko zote haionekani kabisa. Machi 2005, afisa wa ujasusi wa Italia, Nicola Calipari, aliuawa na wanajeshi wa Marekani kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Baghdad. Jeshi lilichapisha ripoti yake kama PDF, sehemu za siri zikiwa zimefunikwa kwa rangi nyeusi. Wasomaji waliyachagua maandishi, wakayanakili, wakayabandika kwingine. Siri zote zikasomeka, majina ya wanajeshi yakiwemo.

Ukielewa sahani, unaelewa kosa. Mstatili mweusi ni kitu kimoja kilichochorwa, maneno ni kitu kingine kilichopo chini yake. Kuchora juu hakufuti. Desemba 2005 shirika la usalama la NSA lilitoa mwongozo mzima wa kuficha siri kabla ya kuigeuza Word iwe PDF. Hata hivyo, Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort waliwasilisha mahakamani PDF yenye kosa lile lile. Historia ilikuwepo, haikusomwa.

Haya, sasa ufanyeje?

Ukipata shida, usibahatishe. Fuata mpangilio huu:

1. Fungua sifa za faili kwenye kisoma-PDF chako, nenda kwenye orodha ya fonti. Kila fonti ionyeshe kwamba imepachikwa. Kwenye Linux, amri ya pdffonts hukuonyesha hayo kwa mstari mmoja mmoja. Fonti isiyopachikwa ndiyo mshukiwa.

2. Kurasa zimeongezeka? Linganisha majina ya fonti hizo na yale ya hati ya asili. Ukiona DejaVu mahali pa Calibri, kesi imekwisha. Amri ya fc-match Calibri itakuambia seva huchagua nini.

3. Viungo vimekufa? Acha njia ya printa, tumia ya kuhamisha au kuhifadhi kama PDF.

4. Nakili aya moja, ibandike kwenye kihariri cha kawaida. Ikitoka takataka, umbo na maana vimeachana. Igeuze upya kwa fonti ya Unicode. Na kama kuna chochote ulichokificha, kipimo hiki kitakufichulia kabla ya adui yako. Siri ifute kwenye hati ya asili, usiifunike.

5. Pembeni pamekatwa? Angalia ukubwa wa karatasi. Programu nyingi huja zimewekwa karatasi ya Marekani, yenye vizio 612 kwa 792. A4 yetu ni 595 kwa 842. Tofauti ya vizio 50 vya urefu ni karibu milimita 18, inatosha kabisa kumeza namba ya ukurasa.

6. Maktaba au ofisi imedai PDF/A? Hicho ni kiwango cha kuhifadhi nyaraka kwa miaka mingi, kilichotoka mwaka 2005. Kinalazimisha fonti zote zipachikwe na kinakataza nywila. Chagua PDF/A wakati wa kuhamisha, usingoje kukataliwa.

Geschke alifariki 2021, Warnock 2023. Walitaka ukurasa ufike jinsi ulivyotumwa, na kwa kiasi kikubwa walifaulu. Kilichobaki ni hatua ile moja ya jikoni, na hiyo iko mikononi mwetu. Kabla hujabofya kutuma, fungua PDF yako kwenye tarakilishi au simu ambayo si yako. Ikisimama huko, itasimama popote.